Nyumba Nne, Ruta Moja

Jumatatu, 9 Juni

Makambako. Baridi, na upepo ule unaopita chini ya mlango bila kuuliza.

Hyasinta amepiga simu. Mtoto atabatizwa Jumapili ya tarehe 22, huko kwao Njombe. Binti yangu wa pekee, mjukuu wangu wa kwanza. Akauliza kama nitakuja. Nikamwambia masharti yangu anayajua. Akanyamaza. Nikanyamaza. Tukanyamaza hivyo kwa gharama yake mpaka salio likaisha.

Kwa kumbukumbu, maana watu wa mtaa huu wana tabia ya kupindisha historia: Krismasi nilikuwa mezani kwa mkwe wangu Marcelino, ambaye kazi yake ni kufunga intaneti majumbani kwa watu wenye uwezo. Kuku ndiyo kwanza alikuwa ametua mezani. Marcelino akasema, "Baba, na wewe nitakufungia ya kwako pale Makambako, bure tu, usihangaike." Bure tu! Mbele za wageni! Nikasimama. Nikaeleza tofauti ya haki na sadaka. Nikaeleza faida ya makampuni inatoka mfukoni mwa nani. Nikamwita kupe, ingawa nilifafanua kwamba ni kupe wa ngazi ya chini. Nilipomaliza, mchuzi ulikuwa umeganda na watoto wa watu wamelala. Nikaapa sitakanyaga Njombe hadi aniombe radhi kwa kunihurumia. Nikaondoka. Kuku sikumla. Bado namkumbuka.

Tatizo ni hodi. Katika ukoo wetu, mtoto akishabatizwa, upande wa mama huenda nyumbani kwa baba yake na zawadi, na wenyeji hufunga geti makusudi. Halifunguliwi mpaka babu mzaa mama abishe hodi mara tatu kwa sauti yake mwenyewe na kusema neno. Babu mzaa mama ni mimi. Hakuna wa akiba. Letisia, mke wangu, angejua la kufanya, lakini huu ni mwaka wa nne hayupo.

Suluhisho limenijia nikisugua sufuria. Nitabisha hodi kwa video! Kiapo kinasema kukanyaga. Kuonekana hakijakutaja.

Jumanne, 10 Juni

Nimechunguza hali ya mtandao wa nyumbani kwa familia zenye kipato kidogo. Hali ni ya aibu kwa taifa.

Kwanza, nyumba yangu iko bondeni, nyuma ya msitu wa mikaratusi wa watu. Simu hushika mtandao mahali pamoja tu, juu ya tofali lililo kwenye kona ya choo, na lazima usimame kwa mguu mmoja. Huko huwezi kumsalimia mtoto mchanga aliyetoka kubatizwa.

Pili, bei. Nimekwenda dukani kwa kampuni moja. Binti wa kaunta, mpole kabisa, akaniambia vifurushi vya nyumbani vipo, kuna cha biashara na kuna cha familia. Nikauliza cha maskini. Akasema hicho bado hakijazinduliwa. Nikauliza: muda wa bando ukiisha na data ikabaki, ile iliyobaki huenda wapi? Akasema inapotea. Inapotea! Nikaigeukia foleni. Nikawauliza wananchi: ukinunua debe la mahindi, mwenye duka huja mwisho wa mwezi nyumbani kwako kuchukua yaliyobaki kwenye debe? Foleni ikajibu hapana. Foleni nzima, kwa sauti moja! Nikaendelea. Nilikuwa nimefika kwenye suala la kodi mlinzi aliponishika kiwiko na kunisindikiza nje. Aliniita mzee wangu njia nzima. Nje mama mmoja akanipa mkono, akauliza ninagombea kata gani.

Jumatano, 11 Juni

Mbinu mpya. Karibu na stendi kuna nyumba ya wageni yenye intaneti ya bure kwa wateja. Nimekuwa mteja. Chai moja.

Nikampigia Hyasinta kwa video, kama jaribio la mitambo. Nikaona dari. Nikaona sikio. Halafu nikaona kitu kimefungwa kwenye blanketi, chekundu, kina hasira, kinapiga miayo. Mjukuu! Ana paji la uso la kwetu. Nikaanza kumsalimia kwa majina yote ya ukoo.

Mhudumu akaja kuuliza naongeza nini. Nikasema naongeza muda. Akasema muda hawauzi. Nikamwambia asijidharau, kuna makampuni yanauza hicho tu. Akamwita meneja. Meneja hakubishana, akaenda nyuma ya kaunta na kubadilisha nenosiri huku ananitazama usoni. Picha ikaganda, mjukuu amefungua mdomo.

Sikuondoka mara moja. Nilikaa namtazama hivyo hivyo, na mdomo wake wazi, mpaka chai ikapoa na simu ikajizima.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya kihistoria. Nimeitisha mkutano wa wanyonge sebuleni kwangu. Walikuja majirani watatu.

Flora anauza parachichi stendi, na alikuwa rafiki wa Letisia. Ndiye mtu pekee aliyebaki anayeniita shemeji. Danford ana bodaboda, mke, na watoto wengi wanaopenda kucheka. Wa tatu ni Amos. Amos ana mashine ya kusaga. Amezoea kupiga kelele ili ashinde injini, na injini ikizimwa anasahau kuacha. Mimi huniita Mheshimiwa. Hamaanishi.

Nikawasomea hoja. Nyumba moja haiwezi kumudu mtandao wa nyumbani. Nyumba nne zinaweza. Ruta moja, bando moja la kuchangia, na ruta itazunguka, kila siku nyumba moja. Amos akauliza kama kisanduku hicho kitakuwa kinalala kwa zamu kama mume mwenye wake wanne, na mke mkubwa ni nani. Wakacheka mpaka Danford akashika ukuta. Flora naye! Kicheko nimekihamishia kwenye mengineyo, ambayo hatukuyafikia.

Danford akasema kesho ana mzigo wa kupeleka Njombe, na huko kuna mtu anamfahamu. Nikamwagiza asikubali bei ya kwanza. Akunje uso. Ageuke kama anaondoka. Akaahidi.

Nimechaguliwa mwenyekiti. Mgombea mwingine hakuwapo. Sikuwaambia kama kuna uchaguzi.

Ijumaa, 13 Juni

Ruta imefika! Nyeupe, safi, ina antena mbili kama masikio ya sungura. Nikauliza bei. Danford akatazama viatu vyake, akasema, "Mzee wangu, tumeelewana tu vizuri." Mnaona! Kukunja uso kumefanya kazi. Hata waya wa ziada ameongezewa.

Huyo mtu wa Njombe ametuma pia maelekezo. Kwangu mimi itashika vizuri ikiwekwa dirisha la jikoni, lile lenye kioo kilichopasuka, kwa sababu ndilo linalotazama mnara. Sijui amelijuaje dirisha langu la jikoni. Fundi hodari hukisia.

Zamu zimeanza leo: Danford, Amos, mimi, Flora, kisha tunarudia.

Jumamosi, 14 Juni

Ruta iko kwa Amos. Na mtaa wote uko kwa Amos.

Nilikwenda kukagua nguvu ya mawimbi, kama mwenyekiti, nikiwa nyuma ya ua wake. Yalinifikia vizuri. Yalinifikia na mengine pia. Kwanza waliangalia kwaya, na Flora akaimba sauti ya pili. Halafu mpira. Halafu mtu anayefundisha kufuga kuku kwa Kiingereza, Amos akitafsiri. Amos hajui Kiingereza. Alitafsiri kwamba kuku asilale na mawazo. Watoto wa Danford walikuwa wanagaagaa sakafuni, nilisikia.

Mtu alinikanyagia tawi, nadhani ni mimi mwenyewe. Amos akachungulia dirishani, akapaza sauti kwamba mlango wa nyumba yake uko upande wa mbele na karanga bado zipo. Nikamjibu kwamba niko kazini. Akasema haya Mheshimiwa, akafunga pazia.

Nilibaki pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kwa kuwa mtandao ulikuwapo, nikafungua simu na kuangalia hali ya hewa ya Njombe. Baridi, vilevile kama huku.

Jumapili, 15 Juni

Zamu yangu! Baada ya misa nikaazima benchi parokiani, maana nyumba yenye ruta hujaa watu. Nikachemsha viazi, sufuria kubwa, ile ya misiba. Nikafuta vumbi kwenye kiti cha Letisia, mtu asije akakalia vumbi.

Ruta ikawaka taa zake zote. Taa tu. Bando limekwisha! Limeliwa na Amos pamoja na kuku wake wa Kiingereza!

Hakuja mtu. Kumbe habari za bando kuisha husafiri haraka kuliko bando lenyewe. Nilifikiri labda mmoja atapita kuulizia ruta inaendeleaje.

Nimekula viazi nikiwa nimekaa mwisho wa benchi. Mwisho mwingine ukainuka.

Jumatatu, 16 Juni

Viazi.

Jumanne, 17 Juni

Nimehesabu zamu kwa vidole, kisha kwa punje za maharage ili nisijidanganye. Jumapili ya ubatizo ruta itakuwa kwa Amos!

Ningeweza kumwomba tu. Mtu mwingine angemwomba. Lakini mwenyekiti haombi, mwenyekiti hutengeneza mazingira. Nikapita mashineni kwake na kumweleza, kama habari za kisayansi zisizo na nia yoyote, kwamba vumbi la unga huua ruta polepole, na kwamba nyumba yenye mtu wa mashine si mahali salama kwa kifaa cha umma. Akasikiliza kwa makini. Unga ulikuwa umemjaa kwenye kope. Akasema asante sana, atalifanyia kazi.

Amekwisha! Kufikia kesho ataniletea mwenyewe.

Jumatano, 18 Juni

Amos ametengeneza kijumba cha ruta. Cha mbao, kimepigwa randa, kina mlango mdogo wenye komeo na matundu ya hewa pembeni. Antena zimetokeza juu. Ruta itakuwa inahama na nyumba yake.

Ni kizuri. Ninakichukia.

Alhamisi, 19 Juni

Zamu yangu, bando bado marehemu. Nimetumia fursa hiyo kuitisha mkutano wa dharura.

Nilijiandaa kwa vita. Hoja: Jumapili zote ziwe za mwenyekiti, kwa ajili ya mawasiliano ya nje. Niliandika kurasa kadhaa, na majibu ya kila pingamizi ambalo Amos angelitoa, pamoja na mengine ambayo hana akili ya kuyatoa. Nikasema, "Ndugu wajumbe, kuhusu Jumapili." Amos akasema chukua. Flora akasema chukua, shemeji. Danford akasema bando jipya wataliweka Jumamosi, kubwa kuliko lile la kwanza.

Hotuba nikaisoma hata hivyo. Ilikuwa imeshaandikwa. Waliisikiliza wakiwa wamesimama, karibu na mlango.

Ushindi wa hoja! Ingawa sijaelewa kwa nini Flora alinitazama vile, kama anavyomtazama abiria aliyeachwa na basi huku mkoba wake umo ndani.

Ijumaa, 20 Juni

Hyasinta amepiga. Nilikuwa juu ya tofali. Nikampa habari njema, kwamba hodi itabishwa kwa teknolojia ya kisasa. Akasema, "Sawa, baba." Akasema mtoto anacheka sasa, akisikia sauti ya mtu mpya. Akasema Marcelino yupo hapo karibu, ana neno, ampe simu?

Nikasema kuna mtu mlangoni.

Hakukuwa na mtu mlangoni. Nilipoingia ndani niliuangalia mlango kidogo.

Jumamosi, 21 Juni

Flora amekuja asubuhi. Akanisalimia, "Kamwene, shemeji." Hakukaa. Wamekodi Noah, watu wote watakwenda Njombe kesho alfajiri kama upande wa mama: yeye, Amos na mkewe, Danford na ukoo wake wa vicheko. Ndiyo maana ya chukua, chukua! Kumbe Jumapili hawakuwa na haja nayo! Nimelitafakari hili na kuona kwamba halipunguzi uzito wa hoja zangu.

Akasema kiti cha mbele, pembeni ya dereva, hakuna atakayekikalia. Ni cha babu. Akasema, "Shemeji, ni saa moja na kidogo tu." Nikamwambia suala si umbali, suala ni msimamo. Akauliza msimamo upi hasa. Swali zuri. Nilikuwa bado namjibu alipofika barabarani.

Akarudi kwa sababu alisahau kuuliza zawadi ya babu ni ipi. Sikuwa nimeiwazia. Nimempa blanketi la kijani la Letisia, lile zito, ambalo nilikuwa nalitumia. Akalikunja taratibu, akaliweka begani, akaondoka nalo.

Ruta iko kwa Danford leo na bando jipya. Watoto wake wanaangalia katuni. Nimekwenda kuwaonya kuhusu matumizi. Wakanicheka, lakini kwa heshima.

Jumapili, 22 Juni

Naandika yote, kwa ajili ya vizazi.

Alfajiri Noah ikapiga honi mbele ya nyumba yangu. Ikapiga tena. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, nimevaa koti na tai. Ikaondoka. Danford alikuwa ameniachia ruta kizingitini, ndani ya kijumba chake, komeo limefungwa.

Nikaiweka dirisha la jikoni. Ikashika! Taa zote kijani. Yule mtu wa Njombe anajua kazi. Nikahamisha kiti cha Letisia, nikakiweka mbele ya meza, nikaegemeza simu juu yake kwenye sufuria, nami nikakaa upande wa pili. Juu koti na tai, chini buti za mpira na suruali ya shambani, kwa kuwa video haishuki huko. Hotuba mkononi.

Mtaa ulikuwa kimya. Hata mashine ya Amos. Sikujua kwamba ile kelele nimeizoea. Nikampigia Hyasinta kwa video. Hapatikani. Amos hapatikani. Flora hapatikani. Bila shaka, wako kanisani, simu zimezimwa. Intaneti ya nyumbani nilikuwa nayo, ya bei nafuu, yangu peke yangu, na watu wote ninaowajua walikuwa misa moja.

Nikakaa. Nikamweleza Letisia, yaani kiti, mpangilio wa hotuba.

Mchana ikaita! Simu ya Amos. Nikabonyeza, na picha ikaja safi kama dirisha. Geti la Marcelino, jeusi, limefungwa. Mbele yake watu wangu: Flora na blanketi la kijani kichwani, mke wa Amos na beseni la vyombo, watoto wa Danford wamevalishwa viatu. Vigelegele. Amos alikuwa ameinua simu juu kama kombe la ubingwa. Akapaza sauti yake ya injini, "Nyamazeni! Mheshimiwa yupo hewani!" Mara hii, sijui, ilikuwa kama anamaanisha.

Wakanyamaza. Wote wakanitazama. Na kutoka ndani ya geti sauti ya Marcelino ikauliza, kama inavyotakiwa, "Nani hao?"

Ilibaki hodi tu. Neno moja, mara tatu.

Lakini mtu ajiweke kwenye nafasi yangu. Ni muda mrefu tangu nyuso nyingi hivyo zinitazame kwa pamoja, zikisubiri. Nikasema, "Kabla sijabisha." Nikaanza na historia ya tarishi. Nikaja kwenye simu za mezani. Nikaingia kwenye bando na debe la mahindi, na watu wakacheka! Mke wa Amos alilazimika kushusha beseni! Nani angeishia hapo? Nikapanda kwenye satelaiti. Nikauliza mbingu ni za nani. Kwa mbali, nyuma ya geti, mtoto akaanza kulia. Flora akawa anapunga mkono. Nikajua ananishangilia, nikaongeza sauti.

Hapo Marcelino akasema kutoka ndani, kwa nguvu, wote wakisikia: "Baba! Nisamehe kwa yale ya Krismasi! Nilikosa adabu! Karibu, bisha tu tufungue!"

Ameomba radhi! Mbele ya mashahidi! Nikamwambia nimeipokea na nitairudia kwenye kipengele cha nne, kwani bado nilikuwa kwenye cha tatu. Nikageuza ukurasa. Nikasema, "Tatu. Ndugu zangu, jiulizeni."

Nilipoinua macho, Amos alikuwa ameganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Nyuma yake Flora na mkono hewani. Hakuna sauti. Nikatikisa simu. Nikaikimbilia ruta. Taa zote zinawaka, bando limekwisha. Video inakula, na katuni nazo zilikuwa zimeshakula.

Nikarudi kwenye kiti. Nikabisha hodi. Mara tatu, kwa sauti kamili. Kiti hakikusema karibu.

Nikatoka na buti zangu hadi kwenye tofali. Nilisimama kwa mguu mmoja muda mrefu mpaka Amos akapiga, simu ya kawaida. Nyuma yake ngoma na sahani. Nikauliza geti. Akasema limeshafunguliwa, mtoto alikuwa analia kwa baridi, watu hawakuweza kusubiri. Nikauliza nani amebisha. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Mimi, Mheshimiwa. Ilibidi mtu abishe."

Amos!

Akasema dereva wa Noah hana kazi, yuko tayari kunifuata sasa hivi, kabla ya kukata keki ningekuwa nimefika. Marcelino mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Nikamuuliza: na ruta nitamwachia nani?

Jumatatu, 23 Juni

Flora amepita na sahani iliyofunikwa. Pilau, na paja la kuku. Limetoka kwa Marcelino, amesema aniambie ni lile la Krismasi.

Akakaa, safari hii. Kwenye kiti cha Letisia, maana bado kilikuwa pale mbele ya meza. Akanieleza. Mtoto hakulia kwenye maji, alilia getini tu. Amelala ndani ya blanketi la kijani, hataki litoke mikononi mwake. Jina lake ni Valeriani, kama langu. Hawakuniomba ruhusa. Ni jina zito kwa mtoto, mimi mwenyewe lilinichukua miaka.

Halafu akasema, akiangalia ukuta, kwamba ruta ni ya Marcelino. Alimpa Danford bure, akamwelekeza na dirisha. Wote walijua. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nimeamua kwamba Danford alidanganywa, na kama mwenyekiti nimemsamehe. Msimamo unadai ruta irudishwe mara moja. Itarudishwa. Kwanza kamati ikae, na kamati haiwezi kukaa kabla ya bando lijalo.

Hyasinta naye amepiga. Anasema njoo Jumamosi, baba, kiapo chako kimekwisha, radhi umeombwa. Nimelipima jambo hili kwa haki pande zote. Radhi ilitolewa nyuma ya geti na ikanifikia kwa video, tena mtandao wenyewe ulikuwa mbovu. Radhi ya namna hiyo haina nguvu. Jambo zito kama hilo hufanywa ana kwa ana, pale Njombe, nami Njombe siwezi kukanyaga kabla sijaombwa radhi. Nikamweleza. Salio lake likaisha.

Flora alisubiri nimalize kula ili arudi na sahani. Nilimwambia nitamletea mwenyewe, nina kazi. Akaniaga. Upepo ukafunga mlango.

Kosa limegunduliwa: bando lilikuwa dogo. Nimeandika hoja ya kudai bando mara mbili ya lile, marufuku ya katuni, na Jumamosi ziongezwe kwenye Jumapili za mwenyekiti. Amos apokonywe kijumba.

Paja nimelila, kwa mkono mmoja, mwingine ulikuwa unaandika. Ni hotuba ya kipaimara cha mtoto. Ina vipengele tisa. Ile ya jana, nikiisoma tena, naona ilikuwa fupi mno.